Boti Haishuki Bila Mwenyewe

Wodi ya wanawake,
Kigoma mjini.
9 Juni 2025

Mdogo wangu Faridi,

Assalaam alaykum. Natumaini wewe, wifi Safina na watoto hamjambo hapo Mwamgongo. Nyumbani Ujiji majirani wote wazima, mbuzi wa Mzee Chande kazaa mapacha, na paa la jiko langu bado linavuja pale pale ulipoliacha, fundi mzima wa maboti. Mimi nimelazwa. Usiruke! Kaa chini, soma mpaka mwisho, ndipo upige kelele.

Unakumbuka siku ile uliyokuja Kibirizi kuchukua misumari ya boti, tukala wali na maharage sahani moja? Nilipiga chafya ukasema nimefukuza kunguru wote sokoni. Basi chafya ile haikuwa ya mchezo. Ulipoondoka tu, mafua yakashuka kifuani, homa ikapanda, nikawa nahema kama niliyepanda mlima na kumbe nimekaa kwenye gunia la dagaa. Wale vijana wabeba mizigo ndio walionitia kwenye bajaji. Walikuwa wanne, na mmoja nilimsikia akisema, "Leo Mama Tani katupa kazi." Tani! Nikipona atanijua.

Nakuandikia kwa sababu nimekatazwa kusema. Mimi! Nikitamka maneno matatu, kidude walichonibana kidoleni kinalia na muuguzi Marcelina anakuja mbio. Simu nimenyang'anywa, na hata ningekuwa nayo, ninyi mtandao mpaka mpande mlimani. Kwa hiyo Hamdani na boti yake ya abiria ndiye posta wetu.

Daktari wangu ni binti anaitwa Leonia, sauti ya upole na ubishi wa punda. Anasema ni virusi vya mafua makali vilivyoingia mapafuni. Nimewekewa mipira ya oksijeni puani. Haya yote nayakubali. Lakini sikia kituko: anataka nipande mzani! Mbele ya wodi nzima, na nusu ya wodi ni wanawake wa Kibirizi! Anasema kuna sindano ya kuzuia damu isigande, na hiyo inapimwa kwa kilo za mtu. Nikamwandikia karatasini: *kadiria*. Akacheka, akaenda zake, akarudi na mzani ule ule.

Na kitanda cha jirani yupo mama mmoja wa Mwandiga, mwembamba, tuliingia siku moja na ugonjwa ule ule. Jana kaenda chooni kwa miguu yake! Mimi kugeuka ubavu tu naona nyota. Nikamwuliza daktari, yule kanizidi nini? Akajibu bila kupepesa macho: "Mama Mwanne, yeye mapafu yake yana nafasi. Ya kwako yanabanwa na tumbo kutoka chini, na mwili mkubwa wenyewe unadai hewa nyingi. Wenye uzito mkubwa mara nyingi wanakaa zaidi kwenye oksijeni. Si wote, ila mara nyingi." Nilikasirika mpaka kidude kikalia.

Sasa lililonikalisha kitako kuandika. Boti yangu unayoniundia. Ziwa litafunguliwa kwa uvuvi katikati ya Agosti, na giza la mwezi likiingia nataka wavuvi wangu wawe majini na taa zao. Lakini isiguse maji kabla sijafika. Unajua desturi yetu tangu kwa babu: mwenye boti anakaa kiti cha mbele, watu wanaisukuma juu ya magogo wakiimba, naye yumo. Boti haishuki bila mwenyewe. Nimemwuliza Leonia kama mpaka Agosti nitakuwa nimetoka. Akasema, "Tutaona." Sikulipenda jibu lile hata kidogo.

Nijibu upesi. Na useme kiti changu umekifanya kipana kiasi gani.

Dada yako asiyeruhusiwa kusema,
Mwanne

---

Mwamgongo
17 Juni 2025

Dada, shikamoo, shikamoo tena,

Barua yako Hamdani alinipa nikiwa juu ya boti na randa mkononi, na kwa amri yako nilikaa chini. Nilikaa juu ya msumari. Kelele nilipiga, lakini si kwa sababu ya barua.

Sisi hatujambo. Safina anakusalimu, anasema akishavuna mahindi atakuja kukutazama. Mwanangu mkubwa sasa anaogelea mpaka kwenye mwamba na kurudi. Mimi nina kikohozi kidogo tu, vumbi la randa.

Dada, boti! Ungeiona ungetoka kitandani na mipira yako puani! Mninga wote, hakuna ubao hata mmoja wa kuungaunga. Mbavu zimekaa sawa, nimezigonga moja moja kwa nyundo nikisikiliza, zote zinaitika. Wazee wanapita asubuhi, wananisalimu kwa Kiha, "mwakeye", halafu hawaondoki! Wanasimama hapo kutazama mpaka chai ya Safina inaisha. Kiti chako cha mbele kina upana wa mlango wa msikiti. Watoto wanne wamekaa juu yake wakala miwa.

Sasa nisikilize na mimi. Umeniandikia habari za kilo kana kwamba ni kosa. Dada, sisi tunakujua kwa mwili huo. Siku tuliposhusha boti yako ya kwanza, watu walisukuma huku wanacheka kwa furaha, wakisema boti yenye mama kama huyu haiwezi kukosa dagaa. Ugonjwa unakula mwili. Mtu akitoka hospitali amekonda, unajua midomo ya Kibirizi itasema nini, watakupa na jina la ugonjwa. Kwa hiyo nimempa Hamdani ndoo ya mawese mabichi ya mwaka huu, migebuka, samaki wetu niliowakausha kabla ziwa halijafungwa, unga wa muhogo na maharage. Yule mtoto wa kike wa jirani yako akupikie, akuletee. Kula, dada. Kula mpaka mwili ukatae kuondoka.

Na panda huo mzani! Unamwogopa nani? Ukinitajia kilo zako sitacheka. Haya, nitacheka, lakini niko Mwamgongo, hutanisikia.

Mdogo wako na fundi wako,
Faridi

---

Wodi ya wanawake, Kigoma
28 Juni 2025

Faridi wee,

Marahaba. Mbuzi mapacha wa Mzee Chande wamekula khanga yangu kwenye kamba. Mengine salama.

Umenifukuzisha, baba! Karibu nifukuzwe! Ile ndoo yako niliiweka chini ya kitanda, nikaifunika na khanga. Kila saa ya kutazama wagonjwa naletewa ugali wa muhogo, mlima, na mgebuka unaogelea kwenye mawese, nami nakula kama ulivyoniamuru. Uji wa hospitali namwachia mama wa Mwandiga. Nikishashiba nalala chali, nafumba macho, nauhesabu mwili unavyorudi.

Basi juzi nimeshiba hivyo, nimelala hivyo, kile kidude kikaanza kulia na hakikunyamaza. Faridi, nilitafuta hewa nikaikosa. Niliiona dari inashuka. Marcelina alinikalisha kwa nguvu zake zote, wakabadilisha mtungi, wakaongeza oksijeni, nami nikarudi nyuma hatua zote nilizokuwa nimepiga tangu nilazwe. Katika kunisogeza, mguu wa mtu ukapiga ndoo. Mawese yale mekundu sakafuni mpaka mlangoni! Mfanya usafi alidhani ni damu, akapiga yowe, wagonjwa waliokuwa hawawezi kukaa wakakaa.

Nilijua Leonia atanitukana. Hakunitukana. Alikaa kitandani kwangu akaniuliza nani kanituma kula hivyo. Nikaandika: *mdogo wangu, kwa mapenzi*. Akanieleza taratibu, nami nakueleza wewe. Hataki nishinde njaa. Ugonjwa huu ukimkondesha mtu haumchagulii mafuta, unakula hata nyama ya miguu na ya kifua, ile ya kuvutia pumzi. Kwa hiyo nile samaki, mayai, maharage, kidogo kidogo mara nyingi. Lakini mlima wa ugali na mafuta, halafu kulala chali, ni kulisukuma tumbo juu ya mapafu yaliyokwishachoka. Mwili wangu mkubwa haukuniletea virusi, alisema. Unavipa tu nafasi ya kunichelewesha.

Nililia, sikufichi. Halafu nikasema kwa mdomo, kidude kilie kisilie: "Leteni huo mzani."

Marcelina alizungushia mapazia, akafukuza macho yote. Nikapanda. Nimeona namba. Sikutajii. Ila siku ile ile sindano ilibadilishwa, maana walikuwa wamekadiria pungufu, mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia wakadirie.

Sasa habari tamu! Wamenifundisha kulala kifudifudi. Nilicheka, nikasema na hili tumbo nitabembea. Wakapanga mito, mmoja kifuani, mmoja kiunoni, tumbo likapata pa kuning'inia. Mdogo wangu, hewa iliingia! Kama mtu kafungua dirisha la mgongoni. Namba ya kidoleni ilipanda tukiitazama wote, Marcelina akapiga makofi, na mama wa Mwandiga akapiga vigelegele, naye ndiyo kwanza anafunga mizigo aende kwao. Sasa nalala hivyo asubuhi na jioni, na jana nimetembea kutoka kitandani mpaka dirishani. Kutoka hapo naliona ziwa. Agosti, Faridi! Naiona!

Na hicho kikohozi cha vumbi la randa kimekwisha?

Dada yako, kifudifudi,
Mwanne

---

Mwamgongo
10 Julai 2025

Dada,

Shikamoo. Hatujambo. Nimefurahi sana kwa habari ya hewa.

Boti imekwisha kutiwa kalafati kwenye nyufa zote. Rangi inapakwa na Safina, ya bluu na mstari mweupe kama ulivyotaka. Anapaka vizuri.

Nimewaza habari ya kushusha. Siku ikifika, msingoje watu wote. Hamdani anajua magogo yanavyopangwa. Kama mmoja hayupo, wengine washushe tu. Ziwa likifunguliwa kila siku ni riziki.

Usihangaike kuandika jibu refu.

Faridi

---

Wodi ya wanawake, Kigoma
13 Julai 2025

Wewe Faridi,

Leo salamu baadaye.

Umemwachia Safina brashi? Wewe? Wewe uliyempiga marufuku baba yetu mzazi asiguse rangi ya boti yako ya kwanza kwa kuwa anaacha michirizi? Na barua ya kurasa tatu imekuwa mistari ya kuokota? Na "kama mmoja hayupo"? Mmoja nani? Kikohozi nimekuuliza waziwazi, umenipita kama hukuniona.

Nilimwita Hamdani hapa. Anasema, "Mama Mwanne, mimi nabeba barua tu." Nikamtazama. Akasema tena anabeba barua tu. Nikaendelea kumtazama, unanijua nikitazama. Ndipo akasema, huku anatafuta mlango: "Suruali ya fundi sasa inafungwa kwa kamba ya nyavu. Na ameniapisha nisiseme."

Sahani moja ya wali. Tumegawana na chafya. Mimi nimelala hapa mwezi mzima nikijihesabia kilo zangu, sikuwaza kwamba na wewe uliondoka na fungu lako.

Nimemwuliza Leonia. Nikamwambia, kama unene ndio unaochelewesha, basi mdogo wangu yuko salama, huyo akisimama upande humwoni. Akaacha kalamu. Akasema si hivyo, wembamba sana nao wana balaa lao. Mtu asiye na akiba mwilini, homa ikimshika kwa wiki nyingi hana cha kulipia. Nguvu ya kukohoa inaisha, uchafu unabaki kifuani, na nimonia nyingine inapanda juu ya ile ya kwanza. Wa katikati ndio wenye nafuu zaidi, alisema. Sisi wawili katikati hatukuwahi kufika hata kwa bahati mbaya.

Na nyie mkaniletea mimi chakula cha nyumba nzima! Ulikuwa unakohoa na unaniletea mimi migebuka!

Naogopa, Faridi. Nasema wazi. Niliogopa kufa kabla ya kuipanda boti yangu, na sasa naona boti si kitu. Nikikupoteza wewe, ioze palepale kwenye magogo.

Kwa hiyo tufanye biashara. Hukutaka kilo zangu? Chukua. Kilo mia moja na ishirini na sita. Nimeiandika. Hamdani akiifungua njiani asome, Kibirizi yote ijue, sina habari. Sasa zamu yako. Hapo Mwamgongo mna mzani wa dagaa. Jipime, uandike namba, halafu uje nayo hospitali boti ya kwanza itakayotoka. Namba bila wewe siitaki.

Salamu kwa wifi. Mwambie nimemkasirikia kwa kunyamaza, na nitamsamehe akikuleta.

Mwanne

---

Mwamgongo
16 Julai 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Sikucheka. Nakuapia, nilisoma mia moja na ishirini na sita na machozi yakanitoka, maana najua ilivyokugharimu.

Safina alisoma juu ya bega langu, akanitoa nje kwa mkono. Mzani wa dagaa una ndoano, mtu huwezi kusimama juu yake. Basi wakakichomoa kiti chako kutoka kwenye boti, wakakifunga kamba pembe zote, wakanikalisha, wakakitundika! Mimi naning'inia ufukweni mbele ya kijiji, nazunguka kama mgebuka! Mara naliona ziwa, mara naiona milima. Watoto walishangilia. Hata mimi nilicheka, mpaka kikohozi kikaniinamisha, na hapo wakaacha kushangilia.

Walipotoa uzito wa kiti, ikabaki arobaini na mbili.

Nilikuwa naficha kwa sababu ulikuwa unapigania hewa, nami sikutaka uipoteze kwa kunigombeza. Nilidhani vumbi. Halafu nikadhani litapita. Halafu nikaacha kudhani, nikawa naharakisha boti ili ikukute imekwisha, hata kama mimi sipo.

Hamdani anatoka asubuhi. Safina ameshafunga mkeka. Nakuja, dada.

Faridi, kilo arobaini na mbili na suruali

---

Wodi ya wanawake
19 Julai 2025

Kwa mgonjwa Faridi, wodi ya wanaume, ukuta wa pili,

Karibu mjini! Marcelina anasema hajawahi kubeba barua kati ya wodi na wodi, lakini kwa kuwa sisi ni wagonjwa wake wabishi kuliko wote, atabeba.

Makohozi yako nimesikia yamepimwa, si kifua kikuu, alhamdulillah. Ni nimonia iliyopanda juu ya mafua, kama alivyosema Leonia. Dawa inaingia kwa mshipa. Kula kila wanachokupa, kisha ule na ninachokupa mimi. Hapa ninakutumia mayai yangu mawili, uji wa ulezi na karanga, na mgebuka mmoja. Ni wako. Ndiyo, ile mikavu uliyonitumia, imerudi kwa mwenyewe. Nimemwuliza daktari kuhusu mawese. Amesema wewe utiliwe kijiko kwenye maharage, mimi ninuse tu.

Nimetembea leo mpaka mwisho wa korido bila mipira puani. Niligonga ukuta wenu. Ulisikia?

Mwanne

---

Wodi ya wanaume
20 Julai 2025

Dada,

Nilisikia. Wodi nzima ilisikia. Mzee wa kitanda cha pili aliuliza kama kuna tetemeko.

Nimekula vyote. Sijui lini nilikula yai na njaa ikaongezeka! Usiku nililala bila kuinuka kukohoa. Gonga tena kesho.

F.

---

Ujiji
4 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Wewe bado umo, mimi nimetoka, ni wiki sasa! Nimeingia nyumbani kwa miguu yangu, majirani wakaja na vigelegele, na midomo ya Kibirizi nayo ikaja. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya msibani, "Mama Tani, mbona umepungua hivyo, wamesema ni nini?" Nikamjibu, "Mafua, mama. Na kilo ninazo mia moja na kumi na tano, ukitaka chache nikugawie." Sikujua namba inaweza kumfunga mtu mdomo hivyo!

Kila asubuhi natembea kutoka kwangu mpaka ziwani na kurudi, kwa agizo la Leonia. Mwanzoni nilipumzika njiani mara nyingi, sasa mara moja, na hiyo ni kwa umbea. Nisikonde mbio, amesema, nipungue taratibu, misuli irudi.

Leonia anasema nawe utatoka wiki hii, ila usibebe, usisukume, usichimbe. Najua unawaza nini. Fundi asiposukuma boti yake unaona ni aibu. Acha. Nina wazo langu kuhusu kushusha, na sikwambii.

Mwanne

---

Mwamgongo
25 Agosti 2025

Dada Mwanne,

Shikamoo. Safina hajambo, mimi sijambo, watoto hawajambo na wamekataa kuondoka ufukweni. Najua ulikuwepo siku ile ya kushusha boti na huhitaji kusimuliwa. Lakini wewe ulikuwa nyuma, mimi nilikuwa mbele, na nilichokiona mimi hukukiona.

Ulipofika na kusema, "Fundi akae kitini," wazee walinung'unika. Mzee Selestini alisema haijawahi kutokea, mwenye boti ndiye anayekaa. Ukamwambia, "Mwenye boti yupo, hajakosekana. Ila mwaka huu anasukuma." Kisha ukajifunga khanga kiunoni, ukaenda nyuma kabisa, pale wanapokaa vijana wenye mabavu.

Basi nikakaa. Kiti cha upana wa mlango wa msikiti, na mimi katikati kama mbegu. Watu walikuwa wanacheka, nami nikacheka. Nikageuka kutazama nyuma. Dada, ulikuwa umeinama, mabega yako kwenye ubao, mikono imenyooka. Nikasubiri wimbo, maana bila mtu wa kuanzisha hakuna anayesukuma. Nikadhani Hamdani ataanza. Ukaanza wewe.

Mtu aliyekatazwa maneno matatu! Ulivuta pumzi, niliiona ikiingia mpaka chini, ukaitoa yote kwa sauti ile ya Kibirizi inayosikika boti zikiwa bado mbali. Watu wakaitika. Gogo la kwanza likalia, boti ikasogea. Ukavuta tena, ukaimba tena. Mimi sikuwa nasikiliza wimbo, nilikuwa nasikiliza pumzi yako, moja moja, nikiogopa ya mwisho itakuwa fupi. Haikuwa fupi. Nilikuwa nalia kitini mwako kama mtoto, na watu walidhani ni upepo.

Ilipoingia majini, unakumbuka ilivyoyumba? Mimi peke yangu mbele, sina uzito wa kuituliza, kila wimbi linaitupa huku na huku, nikashika ubao kwa mikono miwili. Na wewe ukaingia majini mpaka kiunoni, ukashika ukingo, ukasema, "Sogea." Hamdani alikushika mkono lakini ulipanda kwa miguu yako. Ukakaa. Boti ikashuka kidogo, ikatulia kabisa.

Safina ananiuliza kama nitakipunguza kiti, maana umekonda. Nimemwambia hapana, tunaenea wawili.

Faridi, kilo arobaini na tisa